Kompyuta Mpakato ya Mtumba: Kipuri Gani Kitangulie Kununuliwa

Wengi wanaonunua kompyuta mpakato zilizokwishatumika, ziwe za Kariakoo, Dar es Salaam, au za Luthuli Avenue, Nairobi, hukimbilia kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zinazoendeshwa) mara mashine inapoanza kukokota. Kwa maoni yangu, huko ni kuanzia katikati.

Nafasi ya kwanza naipa SSD, yaani hifadhi isiyo na sehemu zinazozunguka, ikiwa mashine bado inatumia diski ya kuzunguka, kwa kuwa diski hiyo husoma takriban MB 100 kwa sekunde, ilhali SSD ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha hifadhi) hukaribia MB 550 na ile ya NVMe (njia mpya na ya kasi zaidi) huweza kuvuka MB 3,000. Katika kazi za kawaida za ofisini tofauti kati ya hizi mbili za mwisho haionekani sana, hivyo mwenye nafasi ya SATA ya inchi 2.5 pekee asisikitike. Mtego uko kwenye M.2, tundu la SSD nyembamba zenye umbo la kijibao: SSD ya SATA na ya NVMe hufanana umbo, lakini tundu lililoundwa kwa SATA tu halitaitambua NVMe, kwa hiyo soma kwanza mwongozo wa modeli yako. GB 256 zinatosha kwa nyaraka. Mwenye picha na video achukue 512. SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya kutupwa iache dukani, kwani ujazo wa namna hiyo mara nyingi ni wa kughushi.

RAM inafuata. GB 8 ndicho kiwango cha chini ninachokishauri, na 16 huleta utulivu, ila hakikisha kwanza kwamba haikuchomelewa kwenye ubao mama, jambo la kawaida katika mashine nyembamba. Angalia pia kizazi cha RAM: DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR3.

Betri ni ya tatu, isipokuwa imevimba: hapo inatangulia vyote, na mashine isitumike wala kuchajiwa. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hulinganisha uwezo wa awali na uliobaki. Ukishuka chini ya nusu, nunua nyingine yenye namba ileile ya kipuri.

Pasta ya kupozea prosesa ni ya mwisho kwa bei, si kwa faida, hasa feni inapovuma bila kukoma. Kabla ya kufungua, zima mashine kabisa, chomoa chaja, na mara jalada linapotoka tenganisha betri. Skrubu zipange kama zilivyotoka, maana urefu wake hutofautiana, na ndefu ikikazwa kwenye tundu la fupi huweza kutoboa jalada au kuharibu ubao mama.