Nimefuma skafu kwa mikono mitupu: uzoefu wangu mimi bodaboda wa Tabora

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kipo stesheni ya Tabora, na nimefuma skafu. Nimelitanguliza hilo makusudi ili anayetaka kucheka acheke kabisa, tuendelee.

Wanaotoka Dar es Salaam hudhani huku kwetu ni jua tu. Waje Julai. Mji upo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kiangazi mbingu haina hata wingu la kuzuia joto lisipae, na saa kumi na moja alfajiri ukiwa juu ya pikipiki upepo unapenya kati ya helmeti na kola ya koti kama mtu anakumwagia maji. Na treni haina saa. Unaweza kuisubiri toka saa nne usiku ikaingia saa tisa, mabehewa yagawanywe, haya ya Mwanza haya ya Kigoma, halafu abiria wa hapa wote wanataka Ipuli na Isevya kwa wakati mmoja.

Nilikuwa na skafu ya mtumba, nzuri tu. Shida ni zile ncha mbili ndefu. Zikifunguka ukiwa kwenye mwendo zinaweza kunasa kwenye mnyororo au gurudumu la nyuma, na atakayevutwa ni wewe, kwa shingo. Nikawa natafuta ile ya mviringo, isiyo na ncha, unayoipitisha kichwani ikakaa.

Ndipo nikakutana na tangazo kwenye simu: fuma skafu yako kwa nusu saa, bila sindano, hata kama hujawahi kushika uzi. Mikono yenyewe ndiyo sindano. Kifurushi shilingi 35,000, ndani yake uzi mnene mabonge matatu, na video ya mafunzo unatumiwa kwa WhatsApp. Nikatuma hela kwa simu pamoja na 5,000 ya basi, siku ya tatu nikachukua mzigo stendi. Muuzaji simtaji jina.

Aliyefungua mfuko ni mke wangu. Yeye ni mtu wa kroshia miaka yote. Vitambaa vya makochi vya nusu ya mtaa wetu vimepita mikononi mwake. Akaushika uzi kwa vidole viwili, akausugua, akanitazama.

"Baba watoto, huu ndio uzi mnene?"

Akanionyesha lebo. Mimi nilikuwa sijui kwamba nyuzi za kufumia huwa na namba ya unene: 4 ni wa kawaida, wa sweta, 6 ni mnene sana, na 7 ndio mnene kuliko yote, unakaribia unene wa kidole au kuzidi. Kazi hii ya mikono inataka 6 au 7, kwa sababu kitanzi kinazungushwa kwenye kifundo cha mkono, si kwenye sindano nyembamba. Uzi ukiwa mwembamba, kitanzi kinabaki kikubwa na katikati hakuna kitu. Lebo yangu ilikuwa 4. Nikamwandikia muuzaji, akajibu kwamba uzi ni mnene ukilinganisha na wa cherehani. Hapo sikuwa na la kuongeza.

Nikaamua kujaribu hivyo hivyo, nyuzi tatu kwa pamoja, moja kutoka kila bonge. Jumapili mchana, nimenawa mikono kwa sabuni mara mbili kwa sababu ya oili ya mnyororo, saa nimevua, pete nimevua. Ngozi yangu ya vidole imepasuka kwa kazi, na kila palipopasuka uzi ulikuwa unashika. Hilo kwenye tangazo hawasemi. Paka mafuta jana yake.

Namna yenyewe ni hii. Unaacha mkia mrefu wa uzi, unafunga kitanzi cha kwanza unakivalisha mkono wa kulia, kisha unaendelea kuongeza vingine, mimi nilifanya kumi. Mkia wangu uliisha njiani mara mbili maana niliuacha mfupi. Kwa vitanzi kumi pima moja na nusu inatosha na kusalia kidogo. Baada ya hapo unaushika uzi wa kwenye bonge ndani ya ngumi ya kulia, unakikamata kitanzi cha mbele kabisa kwa mkono wa kushoto, unakivusha juu ya ngumi kama unavua kikuku, unakiachia kidondoke. Ule uzi ulio ndani ya ngumi sasa umekuwa kitanzi kipya. Unakivalisha mkono wa kushoto. Mara kumi, mkono wa kulia unabaki mtupu, na huo ndio mstari mmoja. Mstari unaofuata unarudi kutoka kushoto kwenda kulia.

Ukishaelewa mara moja umeelewa maisha. Lakini kuelewa kwenyewe! Video ni ya dakika saba, na dada anayefundisha amekaa anakutazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Halafu utaisimamishaje video, mikono yote imefungwa? Binti yangu wa darasa la pili ndiye alikuwa fundi mitambo wangu, anagusa kioo kwa kidole, "Baba, nirudishe?" Rudisha. "Baba, tena?" Tena. Bando la wiki lilikwisha pale pale.

Nilipofika mstari wa sita simu ikaita. Mteja wangu wa kila Jumapili, mama mmoja wa Cheyo ambaye huwa nampeleka hospitali ya Kitete kumwona ndugu yake. Yule haachwi. Na mimi nina vitanzi kumi kwenye mkono wa kushoto kama mahabusu. Mke wangu alicheka kwanza, hilo ni lazima niliseme, kisha akaenda uani akarudi na fagio la mpini mrefu. Akaelekeza ncha ya mpini kwenye vidole vyangu, akavihamisha vitanzi kimoja kimoja mpaka vyote vikawa kwenye mti, akaliegemeza fagio ukutani na skafu ikining'inia. Niliporudi baada ya saa moja na nusu tukavirudisha mkononi kwa njia ile ile. Kwa maoni yangu hili lilitakiwa liwe dakika ya kwanza ya video, kabla ya kitu kingine chochote.

Nusu saa waliyoahidi ikawa saa tatu na ushee, na nilichopata ni wavu. Mgebuka mzima angepita bila kukwaruza mapezi. Kosa moja lilikuwa uzi, kosa la pili lilikuwa langu: nilikuwa naviacha vitanzi vinapanda kuelekea kwenye kiwiko, mkono unakonenepa, navyo vikawa vikubwa. Vinatakiwa vikae karibu na kifundo, na baada ya kila kitanzi uvute uzi kidogo kishike, bila kukaba damu.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba kuifumua ni kuvuta tu. Nikaivuta yote kwa dakika mbili, na mke wangu akanipa ufundi ambao sikuwahi kuufikiria. Kila bonge lina ncha mbili, ya nje na ile iliyojificha katikati. Ukizitoa zote mbili, mabonge matatu yanakupa nyuzi sita bila kuongeza hata senti. Nyuzi sita kwa pamoja zikanijaa kwenye ngumi, nikasema sawa, huu sasa ni uzi mnene. Vitanzi kumi, mistari ishirini, mwisho unafunga kwa kufuma viwili na kukivusha cha kwanza juu ya cha pili mpaka kibaki kimoja, unapitisha uzi ndani yake unakaza. Kisha unaunganisha ncha mbili kwa kuzishona kwa vidole. Hii ya pili nilitumia saa moja na nusu. Ya tatu, ya mke wangu, dakika hamsini.

Barabarani ikoje? Ukiivaa duara moja inapendeza lakini upepo unapita, kwa kuwa matundu yapo hata ukikaza vipi. Izungushe mara mbili, uiingize ndani ya koti na zipu ipande juu yake, hapo shingo inapata joto kweli. Wiki nne sasa sijakohoa asubuhi. Uzi wangu ni wa kiwandani, si sufu ya kondoo, kwa hiyo hauwashi na unafuliwa kwa maji ya kawaida. Nilikosea mara moja nikaianika kwenye kamba ikiwa inachuruzika maji, ikarefuka karibu shubiri nzima. Siku hizi naikamua ndani ya taulo nailaza kwenye mkeka.

Kifurushi nakipa mbili kati ya tano. Video ni halali, inafundisha kitu cha kweli, ila uzi sio waliousema, na mabonge kama yale hapa sokoni Tabora ni 2,500 kila moja. Fanya hesabu mwenyewe. Ufumaji wenyewe naupa nne na nusu. Ile nusu nimeikata kwa sababu ya simu.

Kijiweni walinicheka siku mbili. Siku ya tatu treni ilichelewa mpaka saa kumi, baridi ikawa ile ya kuuma masikio, na mwenzangu aliyeongoza kucheka akauliza kama rangi ya bluu ya Yanga inapatikana. Nikamwambia Yanga ni njano na kijani, arudi akiwa ameamua.