Mchanga wa filta za bwawa la kuogelea ndani ya tanki la samaki: nyota nne, ya tano nimeibania

Ninaouongelea hapa ni ule mchanga unaouzwa kwa ajili ya filta za mabwawa ya kuogelea, sio ule wa vifuko vidogo vyenye picha ya samaki wa rangi. Na naongelea kuuweka kwenye tanki la maji yasiyo na chumvi ambalo tayari lina samaki, lina mimea, lina filta imeshakomaa (yaani ina bakteria wa kutosha wanaosafisha maji), maana hiyo ndo kazi yenyewe. Kuweka mchanga kwenye tanki tupu mtu yeyote anaweza, unamwaga unajaza maji umemaliza. Mimi nilikuwa na changarawe, nina kambare wadogo aina ya corydoras, nikachoka kuwaona wanachokonoa mawe kama kuku anayeparua sakafu ya saruji.

Mzigo wenyewe kwanza. Sifa yake kubwa ni punje, na hapa ndo watu wengi hawaangalii, wanaangalia rangi tu. Mchanga wa filta umechekechwa, punje zake nyingi ni za kama nusu milimita hivi, yaani zinafanana, na hiyo inakupa vitu viwili: vumbi ni kidogo, na mchanga haugandamani sana ukishakaa chini. Ule mchanga laini wa watoto kuchezea nao unafaa, watu kibao wanautumia na samaki wao wako fresh, ila una unga unga mwingi, kuuosha ni adhabu, na ukiukanyagia mzigo wa mawe ya mapambo unashikana kama umeshindiliwa. Mchanga wa ujenzi mi siugusi, punje kubwa na ndogo zimechanganyika, kuna udongo ndani, na hujui umelala karibu na mfuko gani wa saruji. Wa baharini pia hapana, una vipande vya makombe na matumbawe, vinayeyuka pole pole vinapandisha pH (kipimo cha ukali wa asidi ya maji) na ugumu wa maji.

Kama una wasiwasi na mchanga wowote ule, chukua kijiko kimoja kikavu, dondoshea siki. Ukitoa mapovu kuna chokaa humo. Huu wa filta ni kwatsi, jiwe gumu lisilo na chokaa, ulikaa kimya kabisa, hauna habari na maji yako. Ila hilo povu sio baya kwa kila mtu jamani, ukifuga sikilidi, ile jamii ya samaki wa Ziwa Malawi au Tanganyika ambao maji ya kwao yana pH ya juu, mchanga wenye chokaa unakusaidia kazi. Na hao wa Tanganyika ndo wenye mchanga wenyewe, kuna wale wadogo wanaoitwa Neolamprologus multifasciatus wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono, wanachimba mchanga mpaka kombe linazama linabaki mdomo tu. Kwenye changarawe hiyo tabia huioni vizuri.

Kiasi: zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa sentimita, gawa kwa 1000 upate lita, alafu zidisha kwa 1.6 upate kilo. Tanki la 60 kwa 30 ukitaka kina cha sentimita 3 ni lita 5.4, kama kilo 8 na nusu hivi. Mfuko mmoja mkubwa unabaki, unampa rafiki.

Kuosha. Hata huu ulioandikwa umeshaoshwa, osha. Weka robo ya ndoo tu, usijaze, ingiza mpira wa maji mpaka chini kabisa, fungulia kwa nguvu huku unakoroga kwa mkono, maji yanatoka meupe kama ya kunawia chokaa, unamwaga, unarudia, mpaka ifike hatua ukichota mchanga kwa kiganja ukauzungusha kwenye maji safi unaona kucha zako. Hapo ndo umemaliza, sio kabla. Sabuni isikaribie hiyo ndoo, na ndoo yenyewe iwe ambayo haijawahi kufulia.

Sasa kazi. Kwanza toa wazo la kumwaga mchanga juu ya changarawe. Nimeona watu wanashauriana hivyo eti ni njia ya mkato, mchanga unapenya kwenye matundu unaenda chini, changarawe inabaki juu, na katikati hapo uchafu unaingia hautoki. Changarawe lazima itoke, na hapa ndipo tanki lenye samaki linapotofautiana na tanki tupu, kwa sababu wale bakteria wanaokula amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, wamejishika kwenye kila kitu chenye uso, wengi wako kwenye filta lakini sehemu yao wako kwenye hizo changarawe unazotaka kutupa. Ukitoa zote kwa mpigo kwenye tanki lenye samaki wengi na filta ndogo, amonia inapanda na unaanza kuona samaki wanahema juu juu.

Mimi nilitoa theluthi, nikaacha kama wiki, nikatoa theluthi nyingine, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ni uvivu wenye faida. Sehemu ya changarawe za zamani nikazitia kwenye soksi ndefu ya nailoni nikaifunga nikaiweka pembeni ndani ya tanki, haipendezi kabisa, inakaa kama mzigo uliosahaulika, lakini inabaki na bakteria wake wakati mchanga mpya unapata wa kwao. Kipindi chote hicho filta usiioshe, hata ikikutamanisha. Chakula punguza. Pima amonia na naitraiti kila siku mbili tatu, zote mbili zinatakiwa zisome sifuri, zikipanda badilisha maji, na usisahau dawa ya kuondoa klorini.

Kutoa changarawe kunatibua kila uchafu ambao ulikuwa umelala chini tangu tanki lianze, kwa hiyo nyonya na mpira huku unachota, usichote kwanza alafu ndo unyonye. Kama unatoa kidogo kidogo samaki waache humo humo watajificha, ila kama umeamua kutoa zote siku moja wahamishe kwenye ndoo yenye maji yao ya tanki na pampu ya hewa, na ufunike maana wanaruka.

Kabla hujaweka mchanga zima filta. Narudia, zima filta, na hita ichomoe kabla maji hayajashuka chini yake. Punje ikinyonywa ikaingia kwenye impela, kile kipanga cha filta kinachozunguka kusukuma maji, utasikia ile sauti ya kusaga, na ikiendelea inakula mhimili wa impela mpaka filta inakufa. Alafu tafuta bomba la PVC, pana kiasi, lisimamishe liguse chini, mtu mmoja ashike mwingine amimine mchanga uliolowa kwa kikombe. Unaona kabisa unashuka ndani ya bomba unatoka chini kama kichuguu, unasogeza bomba sentimita chache unamimina tena, juu maji hayatibuki sana. Ukiwa peke yako jaza kikombe, kizamishe taratibu mpaka chini ndo ukigeuze. Kuumwaga kutoka juu inawezekana lakini mimea yote itavaa vumbi.

Maji yatakuwa na ukungu, usihangaike. Kwa huu wa filta kesho yake unaona upande wa pili, kwa ule laini wa watoto inaweza kuchukua siku kadhaa. Ngoja mchanga utulie ndo uwashe filta, weka pamba ya filta mpya mbele ya sponji ikamate ule unga, ukishamaliza kazi itupe. Kama ukungu ulishatoka alafu siku kadhaa baadae maji yanakuwa meupe kama yamechanganywa na maziwa, hilo sio vumbi tena, hao ni bakteria wa kwenye maji wamezaliana, pima amonia na usiongeze dawa dawa.

Matokeo sasa, na hapa ndo zile nyota nne zinatoka. Corydoras walibadilika hapo hapo. Anazamisha pua mpaka kwenye macho, anachota mdomo mzima wa mchanga, anapita nao, alafu unauona unatoka kwenye mashavu pande zote mbili kama moshi mwembamba, chakula kimebaki ndani. Kwenye changarawe hawezi, na changarawe zenye makali zinawaumiza ndevu. Kama una kuhli, wale samaki wembamba kama nyoka, nao watazama mzima mzima utaona kichwa tu kimechungulia, utadhani wamekufa mpaka siku ya kulisha.

Nyota ya tano nimeibania kwa sababu ya usafi, na muuzaji hatakwambia hili. Mchanga haufichi kitu. Kinyesi, majani, chakula kilichobaki, vyote vinakaa juu vinakutazama. Kwa afya ya tanki hiyo ni nzuri maana unakiona unakitoa, kwenye changarawe kingeshuka kikaoza huko, lakini kwa macho, kama wewe ni mtu wa kusafisha mara moja kwa mwezi, utakereka. Na kunyonya inabidi ujifunze upya, ile ya kuchoma mpira ndani ya changarawe imeisha, mchanga unapanda wote kwenye ndoo. Shika mdomo wa mpira juu ya mchanga sentimita moja mbili, zungusha kidogo uchafu unyanyuke, unanyonywa wenyewe, mchanga ukianza kupanda bana mpira kwa vidole unashuka.

Kina kisizidi sentimita 5. Ukizidisha, huko chini hewa haifiki na gesi yenye harufu ya yai viza inaweza kujikusanya. Choma choma na kijiti mara moja moja sehemu ambazo samaki hawafiki, au tia wale konokono wanaochimba, Melanoides, wanapita chini usiku kucha bila malipo, japo ukilisha hovyo watazaliana mpaka uchoke.

Kingine, mchanga huu hauna chakula cha mimea hata chembe. Mimea inayokula kwa mizizi lazima uichomekee vidonge vya mbolea chini, ile inayoshikamana na magogo kama anubias haijali, na mizizi yake minene usiifukie. Na mwanzoni unaweza kuona ute wa kahawia unafunika mchanga na vioo, hiyo ni mwani wa daiatomu, futa tu, kwa kawaida inapungua yenyewe tanki likitulia tena. Rangi pia, mchanga mweupe unarudisha taa juu na baadhi ya samaki wanapauka, huu wa filta una unjano njano kidogo kwa hiyo sio mbaya sana, ila kama una samaki unaotaka wawake rangi, mchanga mweusi unaishinda mingine yote.

Wa kuukwepa kabisa ni mwenye ile filta ya sahani inayokaa chini ya changarawe. Ile inategemea maji yapite kati ya mawe, ukiweka mchanga unapita kwenye matundu, unaziba, na ndiyo filta yako pekee. Huyo abaki na changarawe zake, au abadilishe filta kwanza, aache mpya ikomae wiki kadhaa ikiwa pamoja na ya zamani, ndo aje kwenye habari za mchanga.