Takwimu za ukatili wa majumbani katika TDHS 2015-16: tathmini ya mtumiaji

Faili la wanawake la Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa 2015-16 ni miongoni mwa takwimu bora nilizotumia kuchunguza ukatili wa majumbani, lakini anayelifungua kabla ya kusoma dodoso atadhani limejaa makosa.

Kinachowashtua wengi kwanza ni nafasi tupu. Wanawake waliohojiwa ni 13,266, ila sehemu ya ukatili haikuulizwa kwa wote, kwa kuwa katika kaya alichaguliwa mwanamke mmoja tu, na faragha ilipokosekana maswali hayo yaliachwa. Utaratibu huo unamlinda mhojiwa, nami naupongeza kwa moyo wote. Kigeu (yaani safu ya majibu ya swali moja katika faili) v044 ndicho kinachoonyesha nani aliulizwa. Baada ya hapo uzani wa kutumia, yaani namba inayofanya kila mhojiwa awakilishe sehemu yake halisi ya wanawake, ni d005 ya sehemu ya ukatili, iliyogawanywa kwa 1,000,000, wala si v005, uzani wa kawaida wa wanawake wote.

Kazi kubwa imo kwenye majibu yanayoonekana kupingana. Kigeu d105b kinahusu kupigwa kofi na mume: 0 ni hapana, 1 ni mara nyingi na 2 ni mara chache katika miezi 12 iliyopita, na 3 ni ndiyo, lakini si katika miezi 12 iliyopita. Anayeitupa 3 anapunguza idadi ya waliowahi kupigwa, na anayeichanganya na 1 na 2 anaukuza ukatili wa mwaka wa karibuni.

Tena yupo mwanamke aliyekana vitendo vyote vya d105 (kundi la vigeu linaloanza na d105, d105b kikiwa kimojawapo), kisha kwenye d118, swali la kuumizwa wakati wa ujauzito, akasema alipigwa akiwa mjamzito. Baadhi ya wachambuzi humfuta kwa madai kwamba amejichanganya, jambo ninalolipinga kabisa, kwa sababu d105 inamhusu mume wa sasa au wa mwisho peke yake, ilhali aliyempiga wakati wa ujauzito anaweza kuwa mume wa zamani au ndugu. Ndiyo maana asilimia 40 ya wanawake ambao ripoti inasema wamepata ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15 haifikiwi kwa d105 pekee. D115 (kuumizwa na mtu asiye mume), d118 na d130a (kuumizwa na mume wa zamani) lazima ziingie, na jibu moja la ndiyo katika yoyote kati yake linatosha kumhesabu mwanamke.

Upungufu ninaouona ni lebo (maelezo ya vigeu) fupi mno, zisizosema swali linamhusu mume yupi. Hata hivyo, ninalipendekeza faili hili kwa kila mtafiti aliye tayari kulitumia huku dodoso la Kiswahili likiwa wazi mbele yake.