Ugalla au Moyowosi kwa mpenda ndege?

Ukiwa Tabora mjini, Ugalla ndiyo rahisi. Ni hifadhi ya taifa tangu 2019, ina miombo, na kiangazi mto hukatika ukabaki madimbwi yenye viboko na mamba.

Moyowosi, upande wa Kigoma, ni habari nyingine kabisa. Imo katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza nchini la Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, lililotangazwa mwaka 2000: hekta milioni 3.25, mafunjo mpaka macho yachoke. Humo anaishi korongo nyangumi, yule wa domo kama kiatu, anayesimama kimya akivizia kamongo na kambare. Njia ni ngumu, masika ndiyo usiseme. Bado ningekwenda huko. Kiota cha korongo huyo hukaa juu ya majani yanayoelea. Mafunjo yakichomwa, kinda hana pa kukimbilia.