Otto Graham au Johnny Unitas: nani wa kumkabidhi mpira?

Wote wawili walikuwa makwotabeki wa mpira wa Kimarekani, yaani wachezaji wanaoongoza mashambulizi na kurusha pasi. Kwa makombe pekee, ubishi unakwisha mapema. Graham aliichezea Cleveland Browns misimu 10, 1946 hadi 1955, akafika fainali kila msimu na kushinda 7. Wapo wanaompunguzia hesabu kwa kuwa mataji 4 ni ya ligi ya AAFC, iliyokufa 1949. Lakini Browns walipohamia NFL, ligi kuu ya mchezo huo, mwaka 1950 walibeba kombe mwaka huohuo, kwa hiyo hoja hiyo hainiingii.

Unitas alianzia chini. Pittsburgh Steelers walimtema 1955 bila kumchezesha mechi hata moja ya ligi. Akafanya vibarua vya ujenzi na kucheza ridhaa kwa dola chache, hadi Baltimore Colts walipomchukua 1956.

Tofauti kubwa ni nani aliyepanga mashambulizi. Kocha Paul Brown alikuwa akituma mchezaji aingie uwanjani na maagizo, naye Graham, kwotabeki wake, akayatekeleza. Unitas alijipangia mwenyewe. Tazama fainali ya 1958 dhidi ya New York Giants: Colts wako nyuma 17–14, dakika zinayoyoma. Akampa mpokeaji pasi wake, Raymond Berry, pasi 3 mfululizo, mpira ukasogea yadi 62, na teke la Steve Myhra likasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 7. Katika muda wa nyongeza Colts wakashinda 23–17.

Mataji, nampa Graham. Ila timu ikiwa nyuma na dakika 2 zimebaki, namwita Unitas, licha ya pasi zake 253 zilizonaswa na wapinzani.