Kabiro ka kutafsiri pale Ibanda, kazi safi ila mwende na subira

Kaka yangu iko Marekani kwa viza ya J-1 (ya wageni wa kubadilishana masomo ao kazi), bibi yake ana uraia wa kule na mtoto wao ana asma, sasa anaomba bamufutie ile sharti ya hiyo viza ya kurudi kwetu kukaa miaka 2, njo akanituma nitafute atestasio (vyeti) za hospitali huku Bukavu nizitafsirishe kwa Kiingereza.

Papa wa kale kabiro hakuanza na bei, aliuliza kwanza makaratasi ni ya nini. Mi nilikuwa nimebeba hata barua ya mama yetu vile analia kukosa mtoto wake, akaisoma akasema dada, hii haitasaidia, kule wanaangalia taabu ya bibi na mtoto wenye uraia ao green card (ruhusa ya kuishi kule daima), si ya kaka yako wala ya mama. Na taabu ionekane pande zote mbili, kama wakimfuata huku, na kama wakibaki kule bila yeye. Mwingine angenilipisha tu hiyo barua!

Mwisho wa kila tafsiri anatia sahihi kwamba anajua lugha na tafsiri ni kamili, bila hiyo haipokelewi.

Shida: kura (umeme) ilikatika, siku 2 zikakuwa 6, na alikosea tarehe ya kuzaliwa ya mtoto (alirekebisha bure). Someni kila mstari mbele ya kulipa. Fomu zenyewe za kuomba kufutiwa sharti, DS-3035 na I-612, yeye hajazi, hiyo iko na avoka (mwanasheria) wa kaka. Nyota 4.