Mashine ya kutotolesha: feni ilikufa, fundi akanikatia simu

Mnaotaka kujua inabeba mayai mangapi na inakula umeme kiasi gani, kaulizeni dukani. Mimi nimekuja na hasira ya feni, na ya fundi wao.

Ilikuwa msimu wa baridi, huku kwetu Njombe. Mayai ya kienyeji yalishaingia juma la tatu, nimeacha kuyageuza, mengine unasikia kifaranga analia ndani. Feni ikasimama. Kioo cha mashine kinasoma 37.5 kama kawaida, hakuna kengele wala taa nyekundu. Lakini fungua mlango uone fukuto linavyokupiga usoni! Kipimajoto changu, nilichokilaza katikati ya mayai kwenye trei ya juu, kilikuwa kimepita 40. Cha kwao wamekifunga chini, pembeni mwa tundu la hewa. Kinapima hewa inayoingia, mayai hakiyajui.

Nikampigia fundi. Nikamsalimia, nikamweleza taratibu. Akanidakia: "Mama, yai ni yai. Joto likizidi kidogo si ndiyo wanatoka haraka? Sasa unalalamika nini?" Nikamwambia kaka yangu, siku hizi za mwisho ndizo za hatari. Akacheka, akakata simu.

Mtu anauza mashine hizi na hajui kinachoendelea ndani ya yai! Siku za mwanzo kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika ndani ya yai, hakina joto lake la maana, kinategemea la kuku au la mashine. Kadiri kinavyokua kinatumia chakula cha kiini na kutoa joto, hata ikikaribia siku ya 21 yai lenyewe lina joto kuliko hewa inayolizunguka. Hapo feni haipeleki tena joto kwenye mayai, inayapunguzia. Kifaranga aliyebanwa kwenye ganda hawezi kusogea kivulini wala kutanua mbawa. Akipoa kidogo atachelewa tu. Kuku mwenyewe huinuka akala, akarudi kulalia, na mayai hayaharibiki. Joto likimzidi, ndiyo basi.

Nilipasua yale yaliyonyamaza. Vifaranga kamili, manyoya tayari, mdomo umeelekea kwenye nafasi ya hewa, na kiini bado kiko nje ya tumbo, hakijavutwa ndani. Ile ndiyo akiba yake ya siku za kwanza akishatoka. Nililia, na sioni aibu kusema.

Ila haki niitende: bruda, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, waliyoniuzia pamoja na mashine ni nzuri mno. Kifaranga wa kuku hutoka macho wazi na manyoya laini, si kama kinda la njiwa linalotoka karibu uchi, lakini manyoya hayo yasikudanganye. Bado hawezi kulishika joto lake. Hutetemeka, hubanana na wenzake, na bado linamponyoka. Waliosalimika niliwaanzishia nyuzi 35, nikashusha kama 3 kila wiki mpaka wakaota manyoya ya kweli. Bruda haikunisumbua hata usiku wa baridi kali: wametawanyika wanakula, hawarundikani chini ya taa, hawakimbilii pembeni wakihema. Kwa bruda nawapa nyota nne. Na mashine nayo, kwa kweli, kabla ya hapo ilikuwa inatotoa vizuri, nikaanza kufikiri pengine ikipata feni nyingine itafaa.

Nikapiga tena kuulizia hiyo feni. Akapokea yule yule. "Ni yule mama wa mayai tena?" nikasikia akimwambia mwenzake, kisha akaniambia nisafirishe mashine nzima kwa nauli yangu. Kumbe nina vifaranga wenye vitovu visivyofunga, wengine wanashindwa hata kusimama, na yeye ananiita mama wa mayai!

Basi nafuta nyota zote. Msinunue. Wakiwauzia bruda peke yake, haya, chukueni. Mashine tafuteni yenye kengele ya joto kuzidi, kipimio chake kikae usawa wa mayai, na feni iwashwe mbele yenu kabla hela haijatoka mfukoni.